Wanafunzi wa uandishi wafunguliwe milango ya maabara za utafiti

MACHI 2021, Kenya ilipotangaza kuzuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa madai kwamba yana sumukuvu kupita kiwango, simu yangu haikupoa. Mmoja wa waliopiga ni mfanyabiashara wa nafaka ninayefahamiana naye siku nyingi, ambaye lori lake lilikuwa limekwama Namanga likiwa na shehena ya magunia. Aliniuliza swali moja tu: "Bwana mwandishi, hicho kiwango cha 10 wanachokisema ni 10 ya nini?"

Nilimwambia nitampigia baadaye. Ukweli ni kwamba sikujua. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeandika habari mbili kuhusu zuio hilo, na katika zote mbili niliiweka hiyo 10 kama nilivyoipata, bila kujua ni 10 ya kitu gani.

Zuio lilitolewa Machi 5 na siku chache baadaye likaondolewa kwa masharti. Waagizaji walitakiwa kusajiliwa, shehena iwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu iko chini ya kiwango hicho cha 10, na ijulikane mahindi yametoka wapi. Malori yakasogea, wanasiasa wakapongezana, nasi waandishi tukahamia kwenye habari nyingine. Swali la yule bwana likabaki bila jibu.

Jibu nililipata miezi kadhaa baadaye kwa fundi wa maabara mmoja, tena tukiwa tunakunywa chai. Alinieleza kwamba kiwango cha Afrika Mashariki ni sehemu 10 za sumukuvu ya aina zote kwa kila sehemu bilioni moja za nafaka, na ile aina kali zaidi, inayoitwa B1, isizidi sehemu tano. Alipoona nimekodoa macho, akaniambia: "Chukua gunia la kilo 100. Sumu inayoruhusiwa humo ndani yote kwa jumla ni miligramu moja. Gawanya gramu moja mara elfu moja, kipande kimoja ndicho hicho."

Kisha akaongeza jambo ambalo kila mfanyabiashara wa nafaka alipaswa kulijua siku ile. Sumukuvu haisambai sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zilizoshambuliwa na ukungu zinaweza kubeba karibu sumu yote, huku zilizobaki zikiwa safi kabisa. Ukichoma bambo mahali pamoja unaweza kupata majibu mazuri, na mwenzako akichoma upande wa pili akapata majibu ya kutisha, wala hakuna aliyedanganya. Ndiyo maana sampuli ya haki huchukuliwa kwenye magunia mengi na sehemu nyingi za lori, kisha huchanganywa na kusagwa pamoja kabla ya kupimwa.

Maelezo hayo yalichukua dakika kumi. Kama yangechapishwa wiki ile, wafanyabiashara wengi wangejua la kudai pale mpakani: si kulalamika kwamba wanaonewa, bali kuuliza sampuli imechukuliwaje, kwenye magunia mangapi, na imepimwa wapi.

Tangu siku hiyo nimekuwa na hoja moja ambayo leo naomba niiweke mbele ya wasomaji wa ukurasa huu, wakiwamo wakurugenzi wa taasisi za utafiti na wakuu wa vyuo. Taasisi zetu za utafiti zianze kuchukua wanafunzi wa vyuo kwa mafunzo ya vitendo ya uandishi wa sayansi. Wakae maabara na mashambani pamoja na watafiti, wajifunze kuuliza, kuelewa na kuandika matokeo ya utafiti kwa Kiswahili ambacho mkulima na mfanyabiashara atakielewa.

Wenzetu wanafanyaje?

Jambo hili si geni duniani. Chama cha Maendeleo ya Sayansi cha Marekani, AAAS, tangu katikati ya miaka ya 1970 kimekuwa na mpango wa kuwachukua wanafunzi wa sayansi na kuwapeleka katika vyumba vya habari kwa wiki kumi wakati wa likizo ya kiangazi. Mwanafunzi wa kemia au biolojia anakabidhiwa kwa mhariri, anaandika habari kama mwandishi mwingine yeyote, kisha anarudi chuoni. Baadhi yao hubaki katika uandishi moja kwa moja. Wengine huwa wanasayansi wanaojua kuzungumza na watu.

Maabara zenyewe nazo zimefungua milango. Fermilab iliyo karibu na Chicago, na SLAC iliyoko California, ambazo kazi yake ni fizikia ya chembe ndogo kuliko atomu, zilianzisha pamoja mwaka 2004 jarida liitwalo Symmetry kwa ajili ya wasomaji wa kawaida. Maabara za namna hiyo zimekuwa zikichukua wanafunzi wa vyuo kufanya mazoezi katika ofisi zao za mawasiliano, wakihoji watafiti na kuandika makala ambazo hupitiwa na mhariri na mtafiti kabla ya kuchapishwa.

Sasa jiulize, ndugu msomaji. Kama watu wanaochunguza chembe ambazo hazionekani kwa macho, na ambazo hazimwongezei mtu debe la mahindi, wameona umuhimu wa kuwaeleza walipa kodi wanachokifanya, itakuwaje sisi tunaotafiti mihogo, korosho, mahindi na maharage, vitu ambavyo mtu anakula leo jioni?

Hapa kwetu mafunzo ya vitendo yapo, maarufu kama "field". Kila mwaka wanafunzi wa uandishi wa habari hupelekwa katika magazeti, redio na televisheni, na wanafunzi wa kilimo hupelekwa kwenye mashamba, halmashauri na vituo vya utafiti. Tatizo ni kwamba makundi haya mawili hayakutani. Wa habari anamaliza chuo bila kuona maabara inafananaje, na wa kilimo anamaliza bila kuandika aya moja ambayo mama yake kijijini angeweza kuisoma akaielewa.

Pia tuseme ukweli kuhusu hali ya "field" yenyewe. Nimekutana na wanafunzi waliotumia wiki zao nane kutoa nakala za barua, kupanga mafaili na kutumwa maandazi. Mmoja aliniambia kuwa katika kituo alichopelekwa alipewa kazi ya kujaza daftari la wageni, na siku alipoomba kuingia maabara aliambiwa kwamba hiyo si sehemu ya wanafunzi wa habari. Akapata alama nzuri na mhuri, akaondoka.

Pingili zilizobaki bila maelezo

Wapo watakaosema kwamba kazi ya mtafiti ni kutafiti, na kwamba utafiti mzuri utamfikia mkulima wenyewe. Kwao nina kisa cha Amani.

Kituo cha utafiti cha Amani, kilichoko katika milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Ni hapo ambapo mtafiti H. H. Storey, katika taarifa yake ya mwaka 1936, alieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa mihogo ambao leo tunauita michirizi ya kahawia. Yeye na wenzake hawakuishia kuueleza. Walianza kuzalisha aina mpya kwa kuchanganya muhogo na mti wa mpira ambao ni ndugu yake, ili kupata mihogo inayostahimili magonjwa ya virusi. Kazi ile ilisitishwa miaka ya 1950, na mambo mengi yakabaki katika makabrasha.

Miongo mingi baadaye, michirizi ya kahawia iliposhika kasi upya, watafiti walianza kuzunguka mashambani kutafuta mihogo inayostahimili. Kusini mwa Tanzania wakakuta wakulima wanayo aina inayoitwa Namikonga. Pwani ya Kenya wakakuta nyingine inayoitwa Kaleso. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba hizo ni aina moja, tena asili yake ni zile zile mbegu zilizozalishwa Amani, yenye namba 46106/27.

Hebu tafakari. Mkulima alibaki na pingili, akakosa maelezo. Alipanda muhogo unaostahimili ugonjwa bila mtu kumwambia kwamba unastahimili ugonjwa gani, wala kwa nini asiuchanganye na wa jirani. Na taifa likatumia fedha na miaka kukitafuta kitu ambacho kilikuwa tayari shambani kwa mwananchi.

Ugonjwa wenyewe ni wa hila. Majani na shina vinaweza kuonekana vizuri, kumbe chini mizizi imeoza na kuwa na mabaka ya kahawia. Mkulima anagundua siku ya kuvuna, wakati mnunuzi ameshafika na gari. Huenezwa na inzi weupe kwa umbali mfupi, lakini husafirishwa mbali zaidi na sisi wenyewe tunapopeana pingili kutoka shamba lenye ugonjwa. Mtu anayejua mambo hayo mawili tu, kwamba ugonjwa husafiri ndani ya pingili na kwamba majani mazuri si ushahidi wa mizizi mizuri, ameshapata nusu ya kinga. Kuyaandika hakuhitaji shahada tatu. Kunahitaji mtu aliyekaa na mtafiti akamwelewa.

Tena mambo yanakwenda kasi. Mwaka 2017 watafiti wa Tanzania, akiwamo Dk Joseph Ndunguru wa Mikocheni, pamoja na wenzao wa Uganda, Kenya na Australia, walianza kutumia kifaa kidogo kinachoshikika mkononi kusoma vinasaba vya virusi vya mihogo. Kazi ambayo awali ilimaanisha kupeleka sampuli ng'ambo na kusubiri kwa miezi, sasa iliweza kufanyika hapa hapa, na hatimaye shambani penyewe. Wangapi kati ya wakulima wetu wa mihogo wanajua kwamba jambo hilo limefanyika katika nchi yao? Wangapi kati yetu waandishi tunaweza kulieleza bila kuharibu?

Ukimya una gharama

Kuna wanaodhani kwamba uandishi wa sayansi ni pambo. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 kati yao walifariki dunia. Kenya ilikuwa imepata msiba mkubwa zaidi mwaka 2004, ambapo watu 317 waliugua na 125 wakafa. Kwa hiyo miaka 12 kabla ya vifo vyetu, jirani alikuwa ameshalia, na watafiti walikuwa wameshaandika kwa kirefu sababu zake. Waliandika kwa Kiingereza, katika majarida yanayosomwa na watafiti wengine.

Mambo ambayo mwananchi angepaswa kuyajua ni machache na hayana fedha nyingi ndani yake. Mahindi na karanga vianikwe juu ya turubai au kichanja, si kwenye ardhi tupu. Vikauke vizuri kabla ya kuingizwa ghalani. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zichambuliwe na kutupwa, zisipelekwe kwa kuku wala kwenye pombe. Na lililo muhimu kuliko yote: sumukuvu haiishi kwa kupika. Ugali wa unga wenye sumu hiyo ni wenye sumu hata ukisongwa saa nzima.

Baadaye watafiti walileta dawa ya kibiolojia iitwayo Aflasafe, ambayo kwa kweli ni ukungu wa aina ile ile usiotengeneza sumu, unaomwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua ili uwahi nafasi na kuuzuia ule wenye sumu. Kiasi chake ni kama kilo nne kwa eka. Lakini mwambie mkulima kwamba dawa ya ukungu ni ukungu, bila kumweleza zaidi, uone kama atainunua. Hapo ndipo mwandishi aliyefundishwa anapohitajika. Bidhaa nzuri isiyoelezwa hukaa dukani mpaka muda wake unapita.

Ifanyikeje?

Mapendekezo yangu ni mepesi na hayahitaji sheria mpya. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ina vituo kama Mikocheni, Naliendele, Ukiriguru, Uyole, Ilonga na Selian. Kila kituo kichukue wanafunzi wanne kwa mwaka: wawili wa uandishi wa habari na wawili wa kilimo au sayansi, wafanye kazi wawili wawili. Wa habari atajifunza kwa mwenzake virusi ni nini, na wa sayansi atajifunza namna ya kuanza habari bila kuanza na "lengo kuu la utafiti huu lilikuwa".

Kila jozi ikabidhiwe kwa mtafiti mmoja, isikabidhiwe kwa ofisi ya masjala. Kila wiki waandike makala moja fupi, na kabla haijapelekwa kwa mhariri waisome kwa sauti mbele ya mkulima au mchuuzi wa sokoni. Asipoelewa, waandike upya. Mtafiti apewe nafasi ya kusahihisha ukweli wa mambo, lakini asipewe nafasi ya kuondoa yasiyompendeza. Kama mbegu imeshindwa kwenye majaribio, iandikwe kwamba imeshindwa, kwa sababu mkulima ananufaika na habari hiyo kama anavyonufaika na ile ya mbegu iliyofaulu. Na jina la mwanafunzi liwekwe juu ya kazi yake.

Gharama? Tufanye hesabu ya mfano. Mwanafunzi akipewa posho ya Sh 15,000 kwa siku, kwa siku 40 za kazi ni Sh 600,000. Wanne ni Sh 2,400,000 kwa kituo kwa mwaka. Linganisha na lori moja la magunia 300 lililozuiwa mpakani. Hata tukikadiria gunia kwa Sh 60,000 tu, hiyo ni mali ya Sh 18,000,000 iliyosimama juani, mbali na gharama ya gari na dereva.

Fedha zenyewe zipo. Miradi mingi ya utafiti huwa na fungu la kusambaza matokeo, na wote tunajua mara nyingi linakoishia: semina ya siku mbili hotelini, mikoba, fulana na picha ya pamoja. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ingeweza kuweka sharti kwamba sehemu ya fungu hilo iende kwa wanafunzi. Kampuni za mbegu, viuatilifu na bima ya mazao zinaweza kuchangia mfuko wa pamoja, mradi tu zisichague kitakachoandikwa.

Najua watafiti wana hofu, na hofu yao ina msingi. Wengi wameshaumwa na nyoka. Mtafiti anasema mbegu "imeonyesha dalili nzuri katika majaribio ya awali", kesho yake anasoma gazetini kwamba "wataalamu wamepata mwarobaini". Lakini dawa ya hofu hiyo si kufunga mlango. Waandishi huharibu habari za sayansi kwa sababu hawakufundishwa, na hawakufundishwa kwa sababu mlango ulifungwa.

Wengine husema Kiswahili hakina maneno. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Na neno sumukuvu, ambalo sasa linatumika bungeni na sokoni, linaonyesha kwamba neno likiwa zuri na likitumika, watu hulipokea. Kinachokosekana ni watumiaji wenye kulijua jambo wanalolisema.

Kwa wanafunzi wenyewe, nawaambia msisubiri waraka. Ukipangiwa "field" mwaka huu, andika barua kwa mkurugenzi wa kituo cha utafiti kilicho karibu nawe, umwambie unataka kuandika habari za kazi yao. Ukikataliwa, andika nyingine. Waandishi wa siasa na michezo ni wengi mno. Wanaoweza kusoma jedwali la majaribio ya mbegu na kueleza maana yake kwa mwenye eka mbili ni wa kuhesabika, na mhariri yeyote mwenye akili atawahitaji.

Yule mfanyabiashara nilimpigia hatimaye. Nikamweleza habari ya gunia, miligramu moja na bambo, kama nilivyoelezwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Sasa mbona hamkuandika hivyo tangu mwanzo?"

Sikuwa na la kumjibu. Naandika makala haya ili zuio jingine likija, kwa mahindi au kwa zao lolote lile, awepo kijana mmoja katika kila chumba cha habari atakayejua hiyo 10 ni 10 ya nini.